Fadhila ya Punda

Wahenga walisema kwamba fadhila ya punda ni mateke. Methali hiyo hutumiwa kila siku kumwonya mtu asitumaini shukrani kwa asiyejua wema, nayo ni methali njema. Lakini katika visiwa vya Lamu, ambako punda ndiye mchukuzi wa mji, yafaa watu waulizane swali moja juu yake. Huyo punda aliyepiga teke, alitendewa fadhila gani kwanza? Je, yuko aliyeinua tandiko akatazama kilicho chini yake?

Mnyama hana ulimi wa kusema. Mtoto akiumwa na tumbo hulia, na mtu mzima akiumwa na jino humweleza jirani yake. Punda hawezi hayo. Ana teke lake, na paka ana kucha zake. Na wote wawili wana ukimya, yaani kukataa chakula, kujitenga, na kusimama pembeni kichwa kimeinama. Hiyo ndiyo lugha yao. Mwenye kufuga hana budi kujifunza lugha hiyo, maana asipoijua atampiga mgonjwa huku akidhani anampiga mkaidi.

Wanyama hawa wawili si wageni katika nchi zetu. Wataalamu waliochunguza nasaba za punda wa nchi nyingi walieleza mwaka 2022 kwamba punda wote wa dunia wametokana na punda-mwitu wa Afrika, na kwamba walianza kufugwa upande huu wa mashariki wa bara, yapata miaka 7,000 iliyopita. Paka naye asili yake ni paka-mwitu wa Afrika ya Kaskazini na nchi za jirani za Asia, na Wamisri wa kale walimchora katika kuta zao. Watu wengi wanaofika Lamu hustaajabu kuona paka wembamba wenye miguu mirefu wanaofanana na wale wa michoro hiyo.

Mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro vyembamba ambamo gari haliwezi kupita. Jahazi likifika gatini, saruji, mchanga, mawe ya matumbawe, nazi na magunia ya unga hupanda mjini kwa mgongo wa punda. Huko Matondoni, Kipungani na Pate, mkulima hurudi kutoka shamba pamoja na punda wake. Na usiku, watu wanapolala, paka ndiye mlinzi wa ghala na wa jikoni. Basi afya ya wanyama hawa si mchezo wa watoto, bali ni sehemu ya riziki ya nyumba.

Tuchukue mfano, ambao si wa mtu mmoja bali ni wa wengi. Kijana wa mtaa wa Langoni ana punda mmoja tu, na kwa punda huyo hulisha mama yake na ndugu zake wadogo. Asubuhi moja anamtia shogi ili akapakie mchanga, na punda anarusha mateke. Kijana anainua fimbo. Mzee mmoja, jirani yake, amekaa barazani akiyatazama hayo.

"Ami, punda huyu amekuwa mkaidi," kijana anasema. "Tangu juzi, kila nikimtandika ananipiga mateke."

"Na kabla ya juzi alikuwaje?" mzee anauliza.

"Alikuwa mpole, Ami. Hata watoto walimpanda."

"Basi, mwanangu, ukaidi hauingii kwa siku moja. Mvue tandiko tumtazame."

Tandiko linapovuliwa, kinaonekana kidonda kipana kama kiganja cha mkono, karibu na uti wa mgongo. Gunia lililokunjwa kuwa tandiko limekauka kwa jasho na chumvi, na ndani yake umo mchanga. Kijana ananyamaza kwa muda, kisha anasema neno ambalo kila mwenye punda mmoja angelisema: "Nikimpumzisha, Ami, tutakula nini?"

"Mtakula kidogo kwa wiki chache," mzee anajibu. "Ukimpakia leo kidonda kitazidi kwenda ndani, na punda akifa mtakula nini mwaka mzima? Chukua punda wa binamu yako, mgawane ujira, mpaka wako apone."

Hesabu ya mzee huyo ni ya haki. Huruma kwa mnyama na hesabu ya mfuko wa mwenyewe si maadui, bali huenda njia moja. Kidonda cha mgongo hakiletwi na bahati mbaya. Huletwa na tandiko gumu au chafu, na kamba ya nailoni inayokata ngozi, na mzigo ulioelemea upande mmoja, na kupakia tena juu ya ngozi iliyokwisha kuchubuka. Dawa yake ya kwanza ni kupumzika. Kisha kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kijiko kimoja kidogo cha chai kwa nusu lita, na inzi wazuiwe. Mafuta machafu ya mashine, majivu ya moto na maji ya betri yasitiwe kamwe, kwa kuwa huchoma nyama iliyo hai na kukirefusha kidonda. Kikiwa kirefu au kikitoa usaha, ni kazi ya mganga wa wanyama. Na punda akipona, tandiko lake liwe la kitambaa cha pamba, nene na safi, lifuliwe na kukaushwa juani mara kwa mara.

Juu ya mzigo, watu husema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; yaani anayeutazama tu huuona mwepesi. Wataalamu wengi hushauri kwamba mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wa punda mwenyewe. Kwa hiyo punda mwenye uzito wa kilo 150 anaweza kuchukua kilo 50, na hizo ni mfuko mmoja tu wa saruji. Anayemtia mifuko miwili ili amalize kazi mapema anakopa nguvu za mwaka ujao. Na punda mchanga ambaye hajatimiza miaka mitatu asipakiwe mizigo, kwa kuwa mifupa yake haijakaza. Punda aliyetunzwa vyema aweza kuishi miaka 30 na zaidi. Aliyedhulumiwa huzeeka angali kijana.

Baada ya mgongo, mtu na atazame kwato. Katika nchi yenye mawe, ukwato husagika wenyewe kwa kutembea. Katika mchanga wa visiwani hausagiki sana, basi huweza kurefuka na kupinda mpaka mnyama akatembea kwa maumivu. Yafaa kwato zisafishwe kila siku, na zipunguzwe na mtu mwenye ujuzi kila baada ya wiki 6 hadi 10. Katika kusafisha ndipo huonekana jiwe, msumari au kipande cha chupa kilichochoma chini.

Na hapo pana jambo linalogusa watu pia. Lugha yetu imeuita ugonjwa mmoja wa kutisha kwa jina la mnyama huyu, nao ni pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo, na katika mavi ya punda na farasi, navyo huingia mwilini kwa njia ya kidonda, hasa kilichochomwa ndani kama kwa msumari. Punda aliyepatwa hukakamaa miguu kama meza, mkia husimama, na taya hufunga asiweze kutafuna. Binadamu hupatwa vivyo hivyo. Ugonjwa huu hautoki kwa punda kumwambukiza mtu kwa pumzi wala kwa kumgusa, lakini udongo wa zizi ni mmoja kwa wote. Chanjo iko kwa punda na iko kwa watu. Mtoto anayechezea zizini miguu mitupu, na mwanamume anayezoa samadi, wahakikishe kwamba wamechanjwa, na kidonda chochote kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni.

Jambo la tatu ni tumbo. Punda wengi wa mjini huachwa wajitafutie chakula, nao huishia jaani. Humo hula maganda ya matunda, na pamoja nayo vipande vya kamba na mifuko ya plastiki. Vitu hivyo haviyeyuki, bali hujikusanya tumboni hata vikaziba njia. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, lakini plastiki ya namna nyingine bado hutupwa. Punda aliyepatwa na msokoto wa tumbo hulala na kujigaragaza, hugeuka kutazama ubavu wake, na huacha kula. Ila mara nyingi punda huficha maumivu yake kuliko farasi, naye husimama tu kimya kama aliyechoka. Basi punda aliyekataa chakula asihesabiwe kuwa mvivu. Ni mgonjwa, na aitiwe mganga siku ile ile, wala asingojwe mpaka kesho. Kinga yake ni majani makavu safi, kivuli, na maji ya kutosha. Kwa siku ya joto punda mmoja aweza kunywa lita 10 hadi 25, kwa kadiri ya mwili wake na kazi yake, na asipopewa maji chakula hukauka tumboni.

Watu wa Lamu wana bahati ambayo wakulima wa sehemu nyingine hawana. Bibi Elisabeth Svendsen wa Uingereza, aliyeanzisha shirika la The Donkey Sanctuary mwaka 1969, alifika Lamu akaona hali ya punda, na mwaka 1987 kituo cha kuwatibu kikafunguliwa karibu na pwani ya mji. Huko punda wametibiwa vidonda na kupewa dawa za minyoo bila malipo. Vilevile yamekuwako mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote, na mashindano hayo yamewafanya vijana waone fahari kwa mgongo usio na kovu kama walivyoona fahari kwa mbio.

Thamani ya punda yenyewe imepanda. Kuanzia mwaka 2016 machinjio ya punda yalifanya kazi katika Kenya, na ngozi zikauzwa China, ambako huchemshwa kuwa dawa. Punda wengi waliibwa usiku katika sehemu za bara, na wenyewe wakaamka bila mchukuzi. Waziri wa Kilimo aliyapiga marufuku machinjio hayo Februari 2020. Mwaka 2021 mahakama iliiondoa marufuku hiyo. Na Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika, walipokutana Addis Ababa, walikubaliana kuzuia kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Habari hizo zafundisha kwamba punda aliyekufa kwa kidonda si rahisi kumpata badala yake kama zamani.

Kutoka zizini twende sasa ukumbini, alipo paka. Wazee husema kwamba paka wa nyumba haingwi, maana yake hafukuzwi kama paka wa kuzurura. Katika mafunzo ya Kiislamu ambayo watoto wa Lamu husomeshwa tangu chuoni, paka si najisi, na imo habari mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula wala kumwacha akajitafutie. Kwa hiyo paka wa Lamu hapigwi mawe. Lakini kutopigwa si sawa na kutunzwa, na paka wengi waachwao kwa upole huteseka kwa maradhi ambayo tiba yake ni nyepesi.

La kwanza ni upele na viroboto. Paka anayejikuna masikio mpaka yakatoka damu, na ndani yake mna uchafu mweusi kama masimbi ya kahawa, ana vijidudu vya masikio. Mwenye magamba magumu kichwani na masikioni ana upele, nao huambukiza wenzake. Viroboto nao huleta zaidi ya kuwasha, kwa maana paka akimeza kiroboto anapojilamba aweza kupata tegu, na vipande vya tegu huonekana mkiani kama punje za mchele. Basi dawa ya viroboto na dawa ya minyoo huenda pamoja, na matandiko ya paka hufuliwa na kuanikwa juani.

Lakini dawa gani? Hapa ndipo wengi wenye nia njema huua. Wako wampakao paka mafuta ya taa. Naye hujilamba, na sumu ikaingia tumboni. Wako wanunuao dawa ya viroboto ya mbwa wakamtia paka, hali baadhi ya dawa hizo zina permethrin, inayomfanya paka atetemeke na kufa. Na wako wamwonao paka ana homa wakampa nusu ya kidonge cha panadol, kama wampavyo mtoto. Kidonge hicho ni sumu kwa paka, hata kikiwa kidogo, kwa sababu mwili wake hauwezi kukivunja kama wa mtu. Yafaa neno hili liandikwe ukutani: dawa ya mtu si dawa ya paka, wala ya mbwa si ya paka.

Juu ya chakula, wengi hudhani kwamba wali uliobaki watosha. Paka ni mla nyama kwa maumbile yake. Akilishwa wali au ugali mtupu hudhoofu, na baada ya muda moyo na macho yake huweza kuharibika. Samaki mdogo aliyechemshwa na kutolewa miiba, au mabaki ya nyama, humfaa zaidi. Maziwa huwaharisha paka wengi wakubwa, basi kinywaji chake kiwe maji safi.

Paka mdogo mwenye mafua, macho yaliyogandana kwa usaha, asafishwe kwa kitambaa kilicholowa maji yaliyochemshwa yakapoa, awekwe mahali pa joto, na achekiwe na mganga, maana asiyeweza kunusa hali chakula. Akitapika na kuharisha huku amelegea, hapana wakati wa kupoteza, kwa kuwa yako maradhi ya virusi yanayoua watoto wa paka kwa siku chache. Chanjo yake iko.

Kisha yako mambo ya uzazi. Paka jike aweza kushika mimba angali na miezi minne au mitano, naye huzaa baada ya wiki 9 hivi, na kwa mwaka huzaa zaidi ya mara moja. Nyumba iliyoanza na mmoja huona kumi kabla ya muda mrefu kupita. Chakula hakitoshi, maradhi huenea, na watoto hutupwa sokoni. Kumhasi paka, dume au jike, kwa mkono wa mganga na kwa dawa ya usingizi, si ukatili. Ukatili ni kuwazaa wale watakaokufa njaa kichochoroni.

Mwisho, jambo zito kuliko yote, nalo ni kichaa cha mbwa. Jina hilo huwadanganya watu wa mahali penye mbwa wachache, wakadhani hawahusiki. Katika dunia nzima, vifo vya watu kwa ugonjwa huu hutokana na mbwa karibu 99 kwa kila 100, lakini paka na punda nao hupatwa na kufa, na wakiuma huambukiza. Dalili zikishaanza, kwa binadamu ni kama hukumu ya kifo. Lakini kabla hazijaanza, yako mambo mawili yaokoayo. La kwanza liko katika kila nyumba: kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, saa ikitazamwa. La pili ni kwenda hospitali siku ile ile kwa sindano za chanjo, ambazo Louis Pasteur alianza kumpa mtu mwaka 1885, nazo zimeokoa watu wasiohesabika. Mzazi asimfiche mtoto aliyeumwa kwa kuogopa gharama, wala mtoto asigombezwe hata akaogopa kusema. Serikali ya Kenya ilitangaza mwaka 2014 mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kufikia mwaka 2030. Mpango huo hutimia kwa kila mbwa na paka anayepelekwa kuchanjwa.

Na mama mja mzito asizoe kinyesi cha paka, bali mwingine amfanyie, kwa sababu kina vijidudu vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Si lazima paka afukuzwe. Kunawa mikono, kuosha mboga vizuri, na kutupa kinyesi kila siku ni kinga ya kutosha kwa nyumba nyingi.

Kazi hizi zote hazihitaji fedha nyingi wala elimu ya juu. Zahitaji dakika kumi za jioni, kazi inapokwisha. Mtu na avue tandiko, apitishe kiganja mgongoni kuanzia shingo hadi mkiani, ainue kila mguu, atazame kama maji yamepungua katika ndoo na kama majani yameliwa. Kisha aingie ndani, amwite paka, amtazame macho, masikio na meno. Pale mkono unapopita mnyama akashtuka, hapo ndipo pana habari, na habari iliyosikiwa leo hutibiwa kwa maji ya chumvi. Iliyopuuzwa mwezi mzima huuza hata paa la nyumba.